Nyuzi Sita za Bawa

Kaka yangu watu humwita Kona, na sijawahi kusikia jina la utani lililokosea nyumba kama hilo. Kona hapendi kona. Anapenda barabara iliyonyooka, mguu chini, na watu wamejaa kwenye uzio wakimpungia mikono. Kona kwake ni usumbufu unaomchelewesha kufika kwenye barabara nyingine iliyonyooka. Aliyependa kona ni mimi, ila mimi jina langu ni Fundi tu, na siku akiwa na njaa, Mdogo.

Gereji alituachia baba: chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, milango miwili ya mabati, na shimo la kukagulia magari ambalo kila mtu katika familia ameshatumbukia walau mara moja. Asubuhi tulitengeneza magari ya watu, breki, klachi, milango iliyobonyea. Ikifika saa tisa mchana tulifunga mlango mmoja, tukavuta turubai, tukarudi kwenye gari letu. Gari la mbio la viti viwili, la kujitengenezea wenyewe kuanzia bomba la kwanza la fremu. Kwa miaka tisa. Watoto waliozaliwa wiki tuliyoanza kuchomelea sasa wanakuja gerejini kuniuliza maswali ya hesabu, na jibu wanalijua kabla yangu.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya mahali pa kuweka injini. Baba alikuwa mtu wa injini mbele, na magari yake yote yalikuwa na pua nzito: unakata usukani, pua inakataa, inaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Kona alitaka injini nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu, eti tairi za nyuma zipate uzito wa kusukumia. Mimi nikasema katikati, nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma.

"Tofauti yake nini?" akaniuliza. "Uzito ni uleule."

Nikachukua bomba la chuma, nikalining'inizia kopo la misumari kila ncha, nikamwambia alishike katikati. "Geuka haraka. Sasa simama."

Akageuka. Bomba lilipoanza kwenda halikutaka kusimama, likampeleka mpaka kopo moja likagonga taa ya gari la mteja. Nilipomaliza kumtukana nikayasogeza makopo yote mawili mpaka karibu na viganja vyake. "Geuka tena." Akageuka, akasimama alipotaka, akarudi, akageuka tena kama mtoto aliyepewa toroli.

"Uzito ni uleule," nikamwambia. "Ila sasa unakusikiliza."

Siku hiyo alinikubali. Namtendea haki kusema hivyo, maana yanayokuja hayana haki nyingi.

Ubaya wa injini ya kati sikumficha. Gari linaloanza kugeuka upesi linazunguka upesi vilevile. La injini mbele likichoka kwenye kona hulalamika kwanza, tairi zinalia, unapata nafasi ya kuomba msamaha. La injini ya kati mkia ukiachia, umeachia. Ndiyo maana nikatengeneza bawa la nyuma. Bawa la ndege hunyanyua. Letu nililipindua, likandamize. Ukienda polepole halina kazi, ni pambo tu na mahali pa njiwa kukaa. Ukifika kilomita mia na sitini kwa saa, upepo unalisukuma chini kana kwamba watu wazima wawili wamekalia mkia. Mbele, chini ya pua, niliweka ubao mpana uliofanya kazi hiyohiyo kwa magurudumu ya mbele. Na siri yote iko hapo: mbele na nyuma lazima zikandamizwe kwa kupatana. Ukipunguza nyuma ukaacha mbele vilevile, pua itauma lami na mkia utakuwa mwepesi, na hutajua mpaka uwe kwenye kasi ambayo hutaki kujulia jambo kama hilo.

Nilihangaika miezi na bawa lile. Nilibandika vipande vya uzi wa sufu bodi nzima, Kona anaendesha, mimi nafuata na gari jingine nikitazama nyuzi zinalala wapi na zinapepesuka wapi. Mwisho nikapata: bawa liiname nyuzi tisa za kipimo cha pembe. Siyo nane, siyo kumi. Nikakaza bolti, na juu ya kila nati nikapiga mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishika. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu. Gari lina bolti mia tatu na kitu, na hakuna mwenye maisha ya kupima zote kila asubuhi. Tulikubaliana: mstari ukiwa mzima, usipime. Anayetaka kufungua kitu anamwambia mwenzake, wanafungua pamoja, wanapiga mstari pamoja. Kwa miaka tisa utaratibu huo haukutuangusha hata siku moja, na nilikuwa naamini mstari mwekundu kuliko nilivyoamini macho ya daktari.

Tatizo lilikuwa kibali. Chama cha mbio kilitangaza kwamba magari ya kujitengenezea yasiyo na kibali mpaka mwisho wa msimu hayatapokelewa tena, basi. Likikosa kibali, gari letu lingebaki pambo la gereji hadi tuzeeke nalo. Jaribio lenyewe lilikuwa mizunguko kumi, mitatu ya kwanza ya kupasha tairi joto, viti vyote viwili vina watu, na kona ndefu ya kushoto mwishoni mwa barabara iliyonyooka ipitwe kwa kilomita mia na hamsini au zaidi bila gari kutoka kwenye lami. Dereva tuliyemwandikisha ni Kona. Kiti cha pili nilijiandikisha mwenyewe. Ile kona nilikuwa nimeichora kwenye daftari mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nilitaka nikae mle ndani, nihisi kwa makalio yangu mwenyewe mkia unavyotulia.

Siku ya jaribio ilikuwa asubuhi nyeupe, lami kavu. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya jua na sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli. Nilizunguka gari na tochi nikitazama mistari. Yote mizima. Nikaingia, Kona akanisaidia kufunga mikanda, akavuta ule wa begani mara mbili, akaniuliza, "Imebana?" Nikasema imebana.

Mizunguko mitatu alikwenda taratibu kupasha tairi joto. Kwenye kona ndogondogo gari lilikuwa tamu mpaka nikacheka ndani ya helmeti. Mzunguko wa nne akakanyaga. Kwenye barabara iliyonyooka gari likaenda kasi ambayo halijawahi kwenda, na mimi mjinga nikajisemea moyoni: injini leo imefunguka.

Halafu kona. Akakata usukani, pua ikaingia vizuri, vizuri mno, na nyuma yangu nikasikia kitu ambacho kilikuwa ni kukosekana kwa kitu. Hakuna uzito. Mkia ukatupita. Niliona barabara tuliyotoka, kisha nyasi, kisha barabara tena, kisha tairi kuukuu za ukuta zikija ubavuni mwangu.

Mbavu mbili zilivunjika. Kona alitoka na mchubuko wa kidevu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, sijui nipumue kwa upande gani, nikamsikia akizungumza na mkaguzi hatua chache kutoka nilipo.

"Ni injini," alisema. "Imekaa pabaya. Nilimwambia toka mwanzo iende nyuma, mdogo wangu ni mbishi."

Mkaguzi akaandika. Akaniangalia mara moja, si kwa ubaya, akaandika tena. Tulipewa siku arobaini za kurekebisha.

Kibaya zaidi ni kwamba nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mbavu. Nilikaa kwa mama wiki mbili, nimefungwa bendeji kifuani, madaftari ya miaka tisa yametandazwa kitandani, natafuta nilipokosea. Kona alikuja kila siku na matunda. Akaketi pembeni ya kitanda, akaniambia, "Usijilaumu sana, Mdogo. Kila mtu hukosea." Nami nikamshukuru! Nililia mbele yake nikamwomba radhi kwa kuwa ningeweza kumuua. Akanipigapiga mkono akasema yameisha.

Mama alifurahi kutuona. "Angalau mnapendana," akasema, akimenya chungwa.

Wiki ya tatu nilirudi gerejini peke yangu, mchana, na uamuzi mmoja: nikate fremu, nisogeze injini nyuma kama Kona alivyotaka. Miaka tisa ya kazi niichane kwa msumeno. Ili nipate nafasi ya kukata ilibidi kwanza nitoe bawa, lililokuwa limepona maana tuligonga kwa ubavu. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza.

Rangi ilikuwa mbichi. Si mbichi ya kulowa. Mbichi ya kung'aa. Mistari yangu ina miaka miwili, imefubaa na kuwa kama damu kavu. Huu ulikuwa mwekundu wa juzi. Nikaukwangua kwa kucha. Chini yake, kwenye chuma, kilikuwepo kipande cha mstari wangu wa zamani, na nusu yake nyingine ilikuwa kwenye nati, imezunguka upande mwingine kabisa, haitazamani na mwenzake. Nati nne, zote nne hivyohivyo.

Nikachukua kipimo cha pembe nikakilaza juu ya bawa. Nyuzi tatu.

Nilikaa chini kwenye saruji, na mbavu zikanikumbusha zipo. Nikavuta droo ya zana zangu. Chupa ya rangi ya kucha ilikuwepo mahali pake, kifuniko kimekazwa kupita kiasi. Mimi huwa sikazi. Mtu aliyelegeza bawa kwa tamaa ya kasi ningeweza kumwelewa, tamaa hata mimi ninayo. Lakini huyu alipomaliza alifungua droo yangu, akachukua brashi yangu ndogo, akachora mistari minne kwa utulivu. Alijua sitapima. Alijua kwa sababu tulikubaliana.

Kona alikuja saa kumi, na matunda. Akaniona nimekaa chini, kipimo kiko juu ya bawa. Hakuuliza nafanya nini.

"Nani alifungua?" nikamwuliza.

"Mdogo, sikiliza..."

"Nani alifungua?"

Akaweka mfuko wa matunda kwenye meza ya kazi. "Walikuja watu wa timu moja kubwa," akasema. "Walikuwa jukwaani. Wanatafuta dereva. Wao wanaangalia kasi ya mwisho wa barabara iliyonyooka, ile namba inayoonekana kwenye ubao. Bawa la nyuzi tisa linavuta sana upepo, unajua mwenyewe. Nilitaka nione namba nzuri, mara moja tu. Mzunguko mmoja."

"Kwa hiyo ulikuwa unaondoka."

"Nilikuwa naangalia."

"Ulikuwa unaondoka, kwa gari langu, na mimi nimekaa ndani."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumrushia, tena ya kuchoma, lakini lilitoka moja tu. "Uliponifunga mkanda. Ulipouvuta mara mbili, ukaniuliza imebana. Ulikuwa unajua?"

"Nilidhani litashika."

"Sijakuuliza ulidhani nini."

Akatazama shimo la kukagulia magari kana kwamba jibu limetumbukia humo. "Nilijua," akasema. "Ningekuambia ungekataa."

Nikamfukuza na matunda yake. Chungwa moja nilimrushia likampata mgongoni, na sijutii.

Hata hivyo nilimburuta kwa mkaguzi kesho yake. Kona alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akaeleza: alipunguza bawa kutoka nyuzi tisa hadi tatu bila kuniambia, mbele akaacha vilevile, akaziba kwa rangi. Nilipomwona anameza mate nilijikuta namhurumia, nikajikasirikia kwa kumhurumia. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na injini?" akauliza.

"Injini ipo mahali pake," Kona akasema. "Ilikuwa mahali pake siku zote."

Mzee akakata alichoandika, akaandika upya. Dereva akapewa onyo la maandishi. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa, na jaribio lirudiwe kama lilivyoandikishwa: gari lile, dereva yule, msaidizi yule. Kubadili jina lolote ni kuanza maombi upya, na msimu ungefungwa kabla hayajasomwa.

"Mimi simkalii tena kiti cha pembeni," nikamwambia mama.

Mama alikuwa anakunja nguo. "Kosa moja, mwanangu. Tumbo moja mmetoka. Gari ni lako, kazi ni yako, utaliacha lioze kwa sababu ya hasira?"

"Mama, alijua."

"Nimesikia." Akakunja nguo ile, akaikunjua, akaikunja tena. "Na miaka tisa yako je?"

Hapo ndipo nilipobanwa: nikikataa, ni kana kwamba yeye alinivunja mbavu, kisha mimi mwenyewe nikamalizia kazi kwa kulivunja gari. Nikapiga moyo konde. Nikarekebisha ubavu wa bodi, nikabadilisha gurudumu lililopinda, nikarudisha bawa nyuzi tisa. Kona alifanya kila nilichomwambia, tena upesi, kwa ule unyenyekevu wa mtu mwenye deni la maneno. Hatukutaniana. Gerejini ilisikika spana tu.

Asubuhi ya jaribio la pili nilipima bawa nyumbani. Nikalipima uwanjani. Kona alipokwenda msalani nikalipima tena, na aliporudi nikalipima mbele yake. Nilipima na nati za magurudumu, na mabomba ya breki, na kiti changu. Mkaguzi alitazama saa yake, akaniacha. Mkanda nilijifunga mwenyewe.

Mizunguko mitatu ya taratibu. Wa nne akakanyaga. Mwishoni mwa barabara iliyonyooka hatukuwa na kasi ya siku ile, na hatukupaswa kuwa nayo. Mia na sitini na mbili. Kona ndefu ya kushoto ikafunguka mbele yetu, ileile ya kwenye madaftari yangu. Akakata usukani mara moja tu.

Gari likashika. Najua lilishika kwa sababu tulitokea upande wa pili tukiwa tumenyooka, na tukarudia hivyo mzunguko wa tano, wa sita, mpaka wa kumi, na mkaguzi alipoisoma kasi ya kila mzunguko tangu wa nne kwa sauti yake ya waliofeli, yote ilikuwa juu ya mia na hamsini. Akakilaza kibali kwenye bega la bodi ya gari, kwa sababu hapakuwa na meza karibu, akakigonga muhuri. Akanipa mkono. "Injini imekaa pazuri, Fundi," akasema. Watu wa karibu wakapiga makofi.

Kona alikuwa bado kwenye kiti chake. Alivua helmeti, nywele zimelowa jasho, anacheka na kulia kwa pamoja kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo. Akanigeukia, na kwa dakika ile alikuwa amesahau kila kitu.

"Umeisikia ile kona, Mdogo?" akasema. "Mkia ulivyokaa! Kama umepigiliwa! Umeisikia?"

Nilijaribu kukumbuka. Kweli nilijaribu. Mara saba tulikuwa tumeipita kona niliyoingojea miaka tisa, nimekaa palepale nilipotaka kukaa, na sikuwa na hata kipande kimoja cha kuibebea nyumbani.

"Sikuisikia," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia mikono yako."

Akadhani natania. Akacheka kidogo, akanitazama, kisha akaacha kucheka.